Sahani ya Isyo kwa Mwende

Nilikula mpaka punje ya mwisho. Dada yangu mdogo, Mwende, alinipakulia isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akajaza sahani ya bati na kuiweka mapajani mwangu mbele ya majirani waliojipanga uani kama watu waliokuja mnada. Mimi nilikuwa nimevaa tisheti ya mradi. Mgongoni imeandikwa MAHINDI YENYE KUVU NI SUMU, na kila nilipoinama kuchota kijiko, maandishi yalikuwa yanawatazama wale waliokaa nyuma yangu. Hakuna aliyenishikia panga. Mwende alisimama mlangoni, leso imefungwa kiunoni, akasema kwa sauti ndogo:

"Kula, dada. Wewe ukikataa, mimi nimekwisha."

Nikala. Nikalala kwake, nikala chakula chake cha mchana na cha jioni, siku baada ya siku, ili ionekane. Mwezi haukuisha, tukalazwa wodi moja, macho yetu manjano kama kiini cha yai la kienyeji, matumbo yamevimba. Mimi nilitoka kwa miguu yangu. Mwende alitoka amebebwa, na kitambaa usoni.

Sasa nyinyi vijana nimewaona barabarani na vizibao vipya, mikoba mgongoni, na simu kubwa za kuandikia habari za watu. Mmepewa kazi niliyofanya mimi: kwenda boma kwa boma mkiwaambia watu habari za afya yao. Mimi nilishaacha. Ini langu halitaki tena vilima, na moyo wangu hautaki tena semina. Lakini kabla hamjabisha hodi mlango wa kwanza, kaeni niwaambie kazi hii inavyofanywa, maana mwalimu wenu wa semina ni yuleyule aliyekuwa wangu, na bado hajajibu nitakachouliza.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Niliingia kazini kwa sababu ya koo. Nilikuwa nikiuza mboga sokoni Mukuyuni, na Chifu Nzioka alipoambiwa na watu wa mradi awatafutie mama mwenye sauti, alisema hahitaji kutafuta, Mama Kioko, ndiye mimi, akitangaza sukuma wiki hapa, kule Matiliku wanatoa vikapu. Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Wengine waliochaguliwa pamoja nami walikuwa binamu za chifu, na sauti zao mpaka leo sijazisikia.

Tulipelekwa semina kwenye hoteli. Mkubwa wa mradi alikuwa anaitwa Bwana Musau, mtu wa hukuhuku Ukambani lakini aliyekaa Nairobi mpaka akasahau jembe linashikwa upande gani. Alikuwa na mashine ya kurusha picha ukutani. Stima ilipopotea, na stima yetu hupotea, mafunzo yalipotea nayo. Bwana Musau akasimama mbele yetu akiutazama ukuta mweupe kama mtu aliyesahau jina la mkewe. Tukanywa chai. Stima iliporudi akatufundisha kwamba watu wa vijijini wanaitwa walengwa. Nikauliza kama wanaolengwa wana ruhusa ya kukwepa. Alicheka na meno tu.

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, hilo sitaficha. Mahindi yakivunwa na mvua, yakawekwa ghalani yakiwa na unyevu, yanashika kuvu, na kuvu hiyo ina sumu inayoitwa aflatoksini inayokula ini la mtu. Kuipika hakuiondoi. Kuosha hakutoshi. Ukikoboa mahindi ukafanya muthokoi, unapunguza, humalizi. Ukimpa kuku, utaila ndani ya kuku. Ukimpa ng'ombe, utainywa kwenye chai. Hayo yote Bwana Musau aliyajua vizuri kuliko mimi. Kitu ambacho hakukijua ni watu, na yeye alikuwa amelipwa kuongea na watu, si na kuvu.

Niwape mfano wa Kitui. Mradi ulikuwa na upande huo pia, nikatumwa na mabango. Bango lilionyesha wanyama wasiopewa mahindi mabovu: kuku, ng'ombe, na katikati, mnono kuliko wote, nguruwe. Nikaenda moja kwa moja kwenye maduka ya wale jamaa waliotoka kaskazini na biashara ya mifugo, Waislamu, watu wanaojua mnyama kukushinda wewe na daktari wako. Mama mmoja mwenye duka, Habiba, aliniuzia maji baridi, akalitazama bango, akanitazama mimi. Akaniambia mama, habari yako nimeipenda, mbuzi zangu wanakula pumba ya mahindi, mimi mwenyewe nataka kujua. Lakini huyo bwana mnene hapandi ukutani kwangu.

Nikapiga simu kwa Bwana Musau. Akasema nguruwe ni mnyama wa kawaida. Baadaye akapata akili, akatuma vibandiko vya nembo ya mradi tumfunike nguruwe. Kibandiko kilikuwa kidogo. Kilifunika tumbo na kichwa. Mkia na miguu vikabaki. Kwa hiyo duka zima la Habiba liliona kuku, ng'ombe, na nembo ya mradi yenye kwato na mkia uliojikunja. Mzee mmoja aliuliza huyo ni mnyama wa nchi gani, na Habiba akamjibu kwamba ndiye aliyeleta mradi.

Nilichofanya ni kuliweka bango chini ya kiti, nikakaa na wanawake wale nikawaonyesha chupa ya chumvi. Na nyinyi ijueni, maana hiyo haihitaji stima. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Tia mahindi kidogo, tia na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikishuka chini yote, yatie kwenye gunia. Na gunia usiliweke sakafuni, liweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Na usipure mahindi kwa kuyachapa na fimbo kama mtu aliyekukosea, punje ikipasuka imefungulia kuvu mlango. Habiba alitikisa ile chupa mbele ya wateja mpaka duka likawa kama kanisa lenye kayamba. Hakuna neno hata moja kubwa nililosema.

Kilungu nako tulipelekewa ratiba ya kukausha, imeandikwa na mtu aliyeishi kwenye joto. Anika juani kuanzia asubuhi. Jua gani? Kule vilimani asubuhi ni ukungu na manyunyu, mpaka parachichi zinavaa sweta. Bwana Musau alikataa kubadilisha ratiba kwa sababu ilikuwa imeshachapishwa. Watu wa Kilungu ni wapole, walitandaza mahindi yao kwenye manyunyu kama walivyoambiwa, wakasubiri jua la mradi.

Lakini hizo ni hadithi za kucheka. Niwarudishe kwetu.

Mtu aliyenifundisha kazi hii hasa si Bwana Musau. Ni Kithome, mwenye posho mill, mashine ya kusaga unga, pale njia panda. Msije mkadhani ni mtu mwema. Ni mtu wa maneno machafu, anayejisifu kwamba anaweza kunusa unga na kukuambia mume wako analala wapi. Lakini kila mama wa kata yetu hupita kwake na debe kichwani, na Kithome alikuwa anayaona mahindi yote kabla ya mradi wowote. Nilienda pale siku moja, nikasimama mbele ya foleni, nikafungua koo: mahindi yenu yana sumu. Foleni ikafa. Wanawake wakafunika madebe na leso zao. Mmoja akaondoka bila kusaga.

Kithome akazima mashine. Akaniuliza kama nimetumwa na maadui zake. Kisha akaniambia kitu ambacho nyinyi hamtaandikiwa kwenye simu zenu.

"Hapa kwetu sumu haina miguu, Mama Kioko. Ikiwa ndani ya chungu, kuna mkono ulioitia. Ukisema sumu, watu wanatafuta mkono."

Ni kweli, na mimi niliyezaliwa hapa ndimi niliyehitaji kuambiwa na mwenye mashine ya kusaga. Kwetu ukimwambia mwanamke aliyeolewa kwamba chakula cha ghala lake kina sumu, hujampa habari ya afya. Umemwita muoi, mchawi, na umemwita hivyo ukoo wa mume wake ukisikia. Ugonjwa wote wa boma hilo, hata wa miaka iliyopita, umepata mwenyewe.

Basi Kithome akawasha mashine tena, akaanza kupiga kelele juu ya mvua. Ati mvua ya mwaka huu imetuchezea vibaya, imemharibia yeye mahindi ya shamba lote, kuna mwingine imemchezea? Hapo hapo mama mmoja akafunua debe lake, akasema mimi pia, tazama. Na mwingine. Na yule aliyeondoka akarudi. Wakawa wanaonyeshana punje za kijani na nyeusi na kuitukana mvua mpaka nikaionea mbingu huruma. Kithome akaniinamia akasema lawama uibandike kwa mvua, mvua haina mashemeji.

Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi hivyo. Sikusema sumu tena. Nilisema mvua imetuharibia, tuone imefika wapi. Niliingia boma nikiwa na mahindi yangu mwenyewe mabovu mkononi, nikaanza kuonyesha ya kwangu. Wakwe na wake wa wana wakawa wanaleta magunia nje mchana kweupe, tunachagua pamoja, mabovu tunachimbia shimo, na hakuna aliyemtazama mwenzake kwa jicho baya. Kazi ilikwenda polepole. Ilikwenda, lakini.

Bwana Musau hakupenda kwenda polepole. Alikuwa na wageni wanaokuja. Watu wa maabara walikuwa wamepita wakachota mahindi kwenye maboma, wakapima, majibu yakarudi. Yangeweza kuletwa kwangu, nikaenda kwa kila mwenye jibu baya, nikaanza na habari za mvua. Badala yake ikaitwa baraza kwenye kiwanja cha shule. Hema, viti vya wageni, spika kubwa mbili za disko. Wageni wakapewa maji ya chupa. Na Chifu Nzioka akasimama na maikrofoni akasoma majina ya wenye mahindi yaliyopatikana na sumu, ili wayalete yachomwe na wapewe mengine.

Nimeshasema kwetu neno hilo linafanya nini. Sasa liweke kwenye spika ya disko, na jina la mwanamke mbele yake.

Nilikimbia mpaka kwenye hema. Nilimwambia Bwana Musau amsimamishe. Alinionyesha kidole mdomoni, wageni wanarekodi. Nilimshika chifu koti, akaendelea kusoma huku ananisukuma na kiwiko. Alisoma vizuri sana, kijiji, jina la mume, jina la mke, "sumu". Na kwa kila jina, watu walikuwa wanageuza shingo.

Jina la Mwende lilipotoka, mama mkwe wake aliyekuwa amekaa karibu naye alisimama, akabeba kiti chake, akakisogeza. Kile kiti tu.

Shemeji yake Mwende alikuwa amezika mtoto mwaka uliotangulia, homa, hospitali ilisema malaria. Jioni ya baraza haikuwa malaria tena. Watu wa ukoo walikuja mlangoni kwa Mwende wakasema sasa tumejua. Mumewe yuko Mombasa kazini; alipigiwa simu, akasema tungoje kwanza, na mpaka leo anangoja. Mama mkwe akawachukua watoto wa Mwende akawapeleka nyumbani kwake, ati wasirogwe. Watoto wale ni wazima leo kwa sababu hawakula ghala la mama yao, na bibi yao anatembea akisema aliwaokoa kutoka kwa muoi. Nani atambishia? Ushahidi anao, wanacheza uani.

Mkimuuliza Bwana Musau, atawaambia Mwende alikuwa mjinga, aliambiwa mahindi ni mabaya akakataa kuyatoa. Hebu fikirieni nyinyi. Kuyabeba mpaka kiwanjani yachomwe mbele ya watu ni kusema ndiyo, nilikuwa na sumu nyumbani. Ni kukiri. Muoi akikamatwa hukabidhi vitu vyake vya uchawi. Kwa hiyo dada yangu alifanya kile mtu asiye muoi angefanya: aliyapika. Alikaa uani akayala mchana, mlango wazi, aonekane. Akaalika majirani. Hakuja mtu. Akampelekea Kithome debe akasaga unga, na Kithome, ambaye pua yake inajua kila kitu, alinusa akasaga. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema yeye ni kinu, si polisi. Kithome, na wewe nimekutaja.

Ndipo Mwende akanitumia habari. Nilienda kumtoa. Nilimwambia habari zote za ini, nilimbembeleza aje kwangu na aliache lile ghala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alijua. Hakuna kitu kuhusu kuvu ambacho dada yangu hakukijua, nilimfundisha mwenyewe na chupa ya chumvi. Aliniambia tu kwamba akiondoka usiku au mchana, watasema muoi amekimbia, na watoto hatawaona tena. Lakini nikila mimi, dada yake, mtu wa mradi mwenye tisheti, mbele ya wote, labda watarudi. Akapakua. Yaliyobaki nimeshawaambia.

Isipokuwa hili: nilikula ili watu waone Mwende si muoi. Nikaugua. Basi ikawa hiyo ndiyo hakika. Hata dada yake wa tumbo moja amemlisha sumu, walisema. Na Mwende alipokufa wakasema uoi wake umemrudi. Ini langu limetumiwa kama shahidi dhidi ya dada yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Bwana Musau alikuja wodini. Alikuja na kijana wa kamera na boksi la juisi. Alitaka shuhuda, mtu aliyepona, awaambie wengine. Kijana akaniomba niinue kidogo shuka nionekane vizuri. Mwende alikuwa kitanda cha pili, bado anapumua, wakageuza kamera asionekane kwa sababu anatisha. Bwana Musau akaniuliza nimejifunza nini.

"Nimejifunza kwamba isyo ya Mwende ilikuwa tamu," nikamwambia.

Akasema turudie, niseme ile nyingine.

Mradi ulifungwa. Hema likaenda, spika zikarudi kwa mwenye disko. Kitu kimoja kilibaki, na kiko pale zahanati mnapochukulia vizibao vyenu, ukutani, kulia ukiingia. Ni bango. Limechorwa mwanamke anasukuma gunia chini ya kitanda huku akiangalia mlango. Chini limeandikwa UJINGA HUUA. Kata yetu ni ndogo. Hakuna mtu anayeuliza huyo ni nani. Watoto wa Mwende hupita hapo kwenda kuchanjwa. Shuleni wanaitwa watoto wa muoi, na mkubwa wao ameacha kula chakula kilichopikwa na mtu yeyote isipokuwa bibi yake.

Nimeuliza. Nilimwendea Chifu Nzioka ofisini. Akasema yeye alipewa kusoma, akasoma, na aliyempa ni mradi. Nilimpigia Bwana Musau, sasa yuko mradi mwingine, wa maji, huo uliowaleta nyinyi. Akasema baraza ni la chifu, yeye alikuwa mgeni mwalikwa, na akaniombea Mungu. Nikawatafuta watu wa maabara. Wao hupima tu. Kila mtu alibeba maikrofoni kidogo, hakuna aliyeishika.

Nyinyi vijana, ya kwangu ya kuwafundisha yameisha. Anzeni na mvua. Bebeni mahindi yenu mabovu mkaonyeshe kwanza. Jibu la mtu mpeni mwenyewe, nyumbani kwake, mkiwa mmekaa. Na mkiletewa majina mkaambiwa myasome kwa watu, yakataeni, hata kama wageni wameshafika.

Yaliyobaki si yenu. Ni ya Nzioka na Musau. Bwana Nzioka, wewe bado ni chifu, baraza unaweza kuita hata kesho. Bwana Musau, barabara ya kuja huku unaijua. Sitaki pole, na juisi mnywe wenyewe. Nataka mmoja wenu aseme mbele ya ukoo ule, mama mkwe akiwa amekaa na watoto wakisikia: ni mimi niliyeamua jina la Mwende lisomwe, na Mwende hakuwa muoi. Mlikuwa wepesi wa kumtaja. Ni nani kati yenu?